Jirani Yangu na Meza ya Meneja

Asante, Mungu Baba, unayeipa mibuni mvua ya kuchanua na jua la kukausha matunda yake, nawe ukampa mzee kama mimi jicho la kuyaona hayo yote tena. Jina lako litukuzwe Karagwe na Kyerwa, shambani na barabarani, na wanaojua kusoma pamoja na wanaosomewa. Naanza na wewe kabla ya kumtaja mtu, kwa sababu mtu huyu ndiwe uliyemweka upande wa pili wa migomba yangu. Sikuwa nimeomba jirani. Ulinipa tu.

Jina analo, tena zuri, la ubatizo, lakini nyumbani kwangu halitumiki. Alipokuwa mdogo mama yake alimtuma kwetu kuomba chumvi. Akasimama mlangoni, mikono nyuma, akasema kama alivyofundishwa: "Jirani anaomba chumvi."

Mke wangu akamuuliza, "Jirani yupi huyo?"

Mtoto akafikiri kidogo, akajibu, "Mimi."

Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo tukamwita Jirani, naye akaitika. Baadaye hata mama yake mzazi akaanza kumwita hivyo, na wageni wakawa wanashangaa mama gani huyu anayemwita mwanawe Jirani.

Mimi nilikuwa mwinjilisti wa Kilutheri hapa Nyakatuntu kwa miaka mingi, kabla sijastaafu na kubaki na migomba, mibuni na kiti changu cha barazani. Nimefundisha kipaimara vijana ambao sasa wana mvi. Wengine nimewaombea kwa machozi. Jirani nimemwombea mara nyingi huku nacheka, na naamini Mungu naye alikuwa anacheka.

Sauti yake ndiyo watu wanaijua kwanza. Katika kwaya yeye ndiye anayeanzisha nyimbo. Akiinua sauti, wanaume wa mabenchi ya nyuma wanaotafuna kahawa kwa siri huacha kutafuna. Macho hafumbi, wala haangalii chini. Anawatazama watu usoni kana kwamba kanisa zima ni sebule ya mama yake. Mtu aliyemsikia Jumapili hawezi kuamini ninachotaka kusema sasa.

Mweke msichana huyo mbele ya mtu aliyekaa nyuma ya meza, sauti ile yote inapotea. Niliiona mara ya kwanza siku ya mtihani wa kipaimara. Mchungaji alikuja kutoka makao ya jimbo, akakaa nyuma ya meza yenye kitambaa cheupe, akamuuliza amri ya nne na maana yake. Jirani aliijua. Alikuwa amewafundisha wenzake njia nzima. Akamtazama mchungaji, akasema, "Shikamoo." Mchungaji akaitikia, akauliza tena. "Shikamoo," akasema Jirani. Alipotoka nje alimkuta dereva wa mchungaji ameegemea gari, akamsomea amri zote na maana zake, moja baada ya nyingine, hadi dereva akasema amina. Ilibidi nimwite mchungaji dirishani asikilize. Ndivyo Jirani alivyopata kipaimara: mchungaji ndani, mwanafunzi nje, na dereva katikati akiitikia.

Nisimfanye mnyonge, maana si mnyonge. Ana neno lake analolitumia kwa kila jambo: "Ngoja kwanza nipange." Mkimwambia ukoo unakuja kula, anasema ngoja kwanza nipange. Mkungu wa ndizi ukikatwa, hawezi kuuacha ulivyo, anazichambua ndizi, za kupika huku, za kuivisha kule, za kuchoma pale, na mama yake anamwambia, "Wewe mtoto, tumboni zinachanganyika zote." Alipokwenda chuo huko Mwanza kusomea biashara, hakuna aliyeshangaa. Kilichotushangaza ni kwamba mtu anayepanga hivyo hajui kupatana bei. Akitumwa sokoni kununua parachichi, hulipa alichoambiwa kisha humwombea muuzaji baraka.

Halafu viatu. Ana viatu vyeusi vya chuo anavyovitunza kama Biblia ya harusi. Kutoka kwao hadi barabara kubwa hutembea peku kwenye udongo wetu mwekundu, viatu vimo kwenye mfuko wa plastiki. Akifika barabarani hufuta miguu kwa jani la mgomba, huvaa, na hapo hapo anakuwa mtu mwingine, hata mwendo unabadilika. Mke wangu alimwambia siku moja, "Jirani, siku utakayoolewa utaingia kanisani na mfuko huo." Akajibu, "Bibi, nitakupa wewe unishikie."

Sasa niingie kwenye habari yenyewe. Chuo chao kina utaratibu kwamba likizo ndefu, ile inayoangukia msimu wetu wa kahawa, mwanafunzi wa biashara haruhusiwi kukaa tu nyumbani. Lazima atafute ofisi au kampuni imkubali afanye mafunzo kwa vitendo, ambayo wao wenyewe huyaita fildi. Mwalimu wa chuo huja kumkagua pale pale kazini. Asiyepata nafasi, au asiyepita, haendelei na mwaka wa tatu. Wenzake wengi walibaki Mwanza. Jirani alitaka kurudi nyumbani, kwa sababu mama yake yuko peke yake na kahawa haijichumi yenyewe.

Akaenda Kayanga kwenye ofisi moja, barua ya chuo mkononi, viatu miguuni. Alipokewa vizuri, akaingizwa ndani. Nyuma ya meza alikaa bwana mmoja mpole, akamuuliza, "Binti, nikusaidie nini?"

Jirani akasema, "Nimepita tu kusalimia."

Akamsalimia, akatoka, akapanda gari, akarudi Nyakatuntu. Nauli ya kwenda na kurudi, na barua haijafunguliwa!

Alitusimulia mwenyewe jioni ile barazani kwetu. Alianza huku anacheka, nasi tukacheka naye, na mke wangu alikuwa anarudia, "Nimepita tu kusalimia! Kayanga yote hiyo!" Halafu tukaona kwamba kicheko cha Jirani kimegeuka, na mabega yanatikisika kwa namna nyingine. Akasema, "Babu Mwinjilisti, nisipopata fildi siendelei na chuo. Bora nikae hapa nipalilie migomba ya mama. Migomba haina meza."

Mama yake alikuwa amesimama kwenye njia ya mgombani, amekuja kumwita chakula. Alisikia yote. Aligeuka akarudi, na ndipo mke wangu alipoacha kucheka akaniambia, "Mzee, inuka. Ingia ndani uwe meneja."

Tukafanya mazoezi siku kadhaa, alasiri, kazi za shamba zikiisha. Nilivaa koti langu la uinjilisti, nikakaa nyuma ya meza ya chakula, nikaweka redio mbele yangu ionekane kama kompyuta. Mke wangu alijipa kazi ya karani, na Mungu amsamehe, aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Alikaa mlangoni na kitambaa kichwani, hata hamtazami mgeni.

"Umekuja kwa nani?"

"Kwa meneja, mama."

"Meneja yuko kwenye kikao. Njoo kesho."

Jirani akasema asante, akageuka, akatoka. Tulisubiri arudi. Nilipochungulia dirishani nikamwona yuko mbali kwenye migomba, anakwenda kwao. Nikamwita kwa sauti.

"Mbona umeondoka?"

"Si nimeambiwa nije kesho, Babu?"

Siku nyingine alifika hadi mbele ya meza yangu. Nikakaza uso, nikazungusha kitufe cha redio kama mtu mwenye shughuli, nikauliza, "Nikusaidie nini?" Akafungua mdomo. Mke wangu kutoka mlangoni akanong'ona, "Sema, sema!" Jirani akasema, "Babu, koti lako limeliwa na mende begani." Hayo ndiyo maneno ya kwanza yasiyo salamu aliyowahi kutamka mbele ya meza. Tuliyahesabu kuwa maendeleo, tukaomba, tukamshukuru Mungu.

Mlango aliufungua Mungu kwa kutumia mbuzi. Nkwenda, kwenye njia ya kwenda mpakani, kuna soko na wanunuzi wa mazao, na hapo pia kuna kituo cha chama cha wakulima kinachopokea kahawa yetu. Jirani alikwenda huko asubuhi moja kujaribu tena, mfuko wa viatu mkononi bado, kwa sababu alishuka karibu na hakutaka vumbi. Akakuta uwanja wa chama umetandikwa maturubai ya kahawa inayoanikwa, na mbuzi wa sokoni wamevamia, wanakula. Mama mmoja mnene mwenye kitenge alikuwa anawafukuza na kandambili moja mkononi, na kila akiwatoa upande huu wanaingia kwa upande ule. Jirani akatupa mfuko, akakata kona, akawazuia kule mbele huku anaimba ile sauti ya kuswagia mbuzi tunayoijua sisi wote huku. Mbuzi wakatoka.

Mama yule akashika kiuno, anahema. "Wewe ni nani? Na hawa ni mbuzi wako?"

"Hapana mama, mimi ni mwanafunzi wa biashara, namaliza mwaka wa pili, natafuta nafasi ya fildi, barua ninayo, na naweza kuanza hata leo."

Yote hayo kwa pumzi moja. Mama akamtazama juu hadi chini kwenye miguu peku. "Na nani kakwambia kwamba meneja ni mimi?"

Jirani akafunga mdomo pale pale. Lakini maneno yalikwisha kutoka.

Meneja huyo ni mtu wa Muleba, Mkatoliki wa kweli, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Alimkubali, ila alimpa neno. "Wanafunzi wa fildi mnakuja hapa kupiga picha na mizani. Wewe utakaa dirishani kupokea wakulima. Na utaniletea jibu la jambo moja: kwa nini watu wa kwenu wanapita hapa na magunia yao juu ya bodaboda kama hawatuoni, wanakwenda kwa wanunuzi kule chini? Jibu hilo ndilo nitakalomwambia mwalimu wako akija."

Hivyo fildi yake yote ikaning'inia kwenye swali moja. Na dirisha lenyewe niseme lilivyo: lina nondo, na liko chini, hata mzee mwenye gunia lazima ainame kama anayechungulia kuku bandani.

Jibu hakulipata dirishani. Alilipata Jumapili, nje ya kanisa, akiuliza mmoja mmoja. Mjane mmoja ambaye shamba lake linapakana na la kanisa ndiye aliyemwambia: "Mwanangu, pale naulizwa gunia kabla sijaulizwa nimeamkaje. Kule chini wananipunja, lakini wananisalimia."

Jirani akaja kwetu na macho yanang'aa. "Ngoja kwanza nipange," akasema. Jumatatu akamwomba meneja viti.

"Viti vya nini?"

"Vya wateja, mama. Wakae kivulini, wapokewe kama wageni."

"Wakikaa," akauliza meneja, "wataondoka?"

Swali lile lilikuwa na busara kuliko sisi wote tulivyojua. Maana Jirani hakuishia kwenye viti. Mama yake alitengeneza kahawa ya kutafuna, matunda ya mbuni yaliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha yakakaushwa, akayaweka kwenye kikapu kidogo cha kupokelea wageni. Kila nyumba kwetu inacho kikapu hicho. Na kila mtu kwetu anajua kwamba ukishapokea kahawa hiyo, wewe si mpita njia tena. Unaulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe, za wagonjwa, kisha nawe unauliza za mwenyeji na za wote waliokaa. Ukiinuka upesi useme nipimieni gunia langu, ni kama umetema kahawa ya mwenye nyumba mbele yake.

Siku viti na kikapu vilipotoka, meneja alikwenda Kayanga kwa kikao. Mimi nilikuwa nimepeleka kahawa yangu siku hiyo, na sitaficha, nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kukaa. Ilikuwa asubuhi njema sana. Wakaja watu wa Nyakatuntu, walioalikwa na Jirani, wakasalimiwa kwa heshima, wakapewa kiti, wakapewa kahawa, wakaanza kutafuna. Tukaulizana habari. Fulani ana mjukuu, fulani ng'ombe wake amezaa, fulani yuko Nyakahanga hospitalini na anaendelea vizuri. Waliofuata nao wakakaa. Magunia yakajipanga ukutani. Viti vikaisha, watu wakakaa kwenye magunia. Jirani alizunguka na kikapu kama bibi harusi, "Karibu waitu, karibu," yaani karibu ndugu yetu, na kila alipoitazama mizani, hakuna aliyeinuka. Ningeinukaje mimi, wakati aliyekuja baada yangu hajamaliza habari za ng'ombe?

Jua lilipokuwa juu, bodaboda moja ikasimama, akashuka kijana mwenye shati jeupe na mkoba. Akatuona wazee tumekaa tunatafuna, kina mama na vitenge vyao, magunia pembeni, hakuna anayefanya kazi. Akavua kofia yake. Akaanza kupita kiti kwa kiti, akishika mikono kwa mikono miwili.

"Poleni sana. Poleni sana, wazee. Poleni, mama."

Nasi tukapokea pole. Kila mtu ana jambo lake la kupewa pole, nani aikatae? Mzee aliyekaa karibu nami hata akasema, "Ahsante, mwanangu, ni mapenzi ya Mungu."

Alipofika kwangu akanong'ona, "Samahani, mzee, marehemu alikuwa nani hapa ofisini?"

Nikamwambia, "Marehemu yupi?"

Yule mzee wa pembeni akaona mgeni amechoka, akamkabidhi kahawa kiganjani. Kijana akaitazama, akashukuru, akaangalia huku na huku. "Naweza kupata maji ya moto na kikombe?"

Ndugu msomaji, uwanja ulilipuka. Bibi mmoja alicheka hadi kitambaa kikamwanguka. "Anataka kuipika tena! Kwani yeye ni mpishi?" Kijana naye, Mungu ambariki, alicheka kabla hajajua anachekea nini.

Ni katikati ya kicheko hicho gari la meneja lilipoingia. Akashuka, akaona magunia, akaona mizani. "Mizani imelala? Tangu asubuhi? Jirani!" Naye alikuwa ameshajifunza kumwita hivyo. "Na huyu bwana ni nani?"

"Mimi ni mwalimu wake wa chuo," akasema kijana. "Nimekuja kumkagua."

Nilimtafuta Jirani kwa macho. Alisimama katikati ya uwanja na kikapu mikononi, mbele yake meneja, na mwalimu upande wa pili. Nikaanza kumwomba Mungu, kimoyomoyo, asiseme shikamoo.

Alisema shikamoo. Nikafumba macho. Lakini akaendelea.

"Mwalimu, karibu sana. Hapa hakuna msiba. Hawa ni wateja waliokuwa wanatupita, na leo wamekuja. Mama Meneja uliniuliza kwa nini wanatupita. Ni kwa sababu hatukuwapokea. Nimewapokea, lakini nimewapa kahawa kabla ya mizani, na kwetu aliyepewa kahawa hainuki. Nimekosea mpangilio. Kwenye kahawa sijakosea." Akavuta pumzi. "Ngoja kwanza nipange."

Akatembea hadi ng'ambo ya mizani, kwenye kivuli cha ukuta wa ghala, akaweka kikapu juu ya kigoda. Akatugeukia kwa ile sauti yake ya Jumapili. "Wazee wangu, kina mama, kahawa imehamia huku. Inapatikana baada ya kupima."

"Tunafukuzwa?" akauliza yule mzee wa pembeni yangu.

"Hapana waitu, mnatangulizwa. Habari za ng'ombe tutazimalizia huku."

Mzee akainuka. Akiinuka mmoja wa umri ule, wengine wanaruhusiwa. Tukasogea na magunia yetu, mizani ikaamka, meneja akakunja mikono ya blauzi akapima mwenyewe, na mwalimu wa chuo akaweka mkoba chini akawa anashika midomo ya magunia, shati jeupe na vumbi la maganda. Tuliopima tulikwenda ng'ambo, tukakaa, tukatafuna, tukaendelea na ng'ombe palepale tulipoishia.

Baadaye mwalimu alimuuliza, "Wazo hili la kuhamisha kikapu umelisoma wapi?"

"Chai ya kanisani," akajibu Jirani, akaninyooshea kidole.

Ni kweli. Zamani, nikiwa kazini, kina mama wa usharika waliamua kuwapa waumini chai kabla ya ibada kwa sababu ya baridi. Jumapili hiyo nilihubiria mabenchi, watu wote wako nje na vikombe. Juma lililofuata chai ilihamia baada ya baraka, na haijarudi nyuma. Jirani alikuwa mtoto mdogo tu wakati huo. Sikujua kwamba alikuwa anatazama.

Alipita. Ujumbe ulimfikia kwenye simu akiwa shambani kwa mama yake, na mama yake, yule aliyesikia yote kwenye njia ya mgombani, alipiga kigelegele kilichofika kwetu na kupita. Siku ya mwisho ya fildi meneja alimfunga kitenge kipya mabegani mbele ya wakulima wote. "Luther angekuwa na wasichana kama hawa," akaniambia mimi, "angebaki kwetu Roma kuwaonyesha." Bahati yake nilikuwa natafuna. Kikapu kiko pale ng'ambo ya mizani hadi leo, na viti pia.

Nilimuuliza Jirani jioni moja, ilikuwaje ulimi ukafunguka siku ile mbele ya wakubwa wawili. Akafikiri kama alivyofikiri mlangoni kwetu utotoni. "Babu, kikapu kilikuwa kwangu. Wageni walikuwa wao." Sijasikia mahubiri mafupi kuliko hayo, nami nimehubiri sana.

Amemaliza chuo. Sasa anafanya kazi Bukoba kwenye ofisi ya mazao, ana meza yake mwenyewe, na wanasema akiingia mgeni anaondoka nyuma ya meza hiyo na kukaa naye kiti kwa kiti. Pasaka iliyopita alikuja nyumbani. Mke wangu alituletea chai, nikajimiminia, na chai ikaenda mezani, si kikombeni. Jirani alitazama.

"Babu, jicho hilo limepata ukungu lini? Umekwenda Nyakahanga?"

"Nilikwenda," nikasema.

Kutoka jikoni sauti ya mke wangu ikaja bila kuitwa: "Alikwenda! Akasalimia, akarudi!"

Ilikuwa kweli. Nilifika hospitalini, nikaingia kwa daktari, akauliza anisaidie nini, nami, mwinjilisti wa miaka yote hiyo, nikasema niko karibu na hapa, nimepita kuwajulia hali.

Jirani hakucheka. Alinyanyuka, akachukua koti langu la uinjilisti kutoka kwenye msumari, akalivaa pamoja na tundu lake la mende, akakaa nyuma ya meza ya chakula, akaweka redio mbele yake. Mke wangu alikuwa ameshafika mlangoni na kitambaa kichwani.

"Daktari hayupo," akasema mke wangu. "Njoo kesho."

"Nitamsubiri," nikasema.

"Aa!" wakapiga makofi wote wawili.

Jumanne Jirani alinipeleka Nyakahanga. Alikaa kwenye benchi la nje, akaniacha niingie peke yangu. Daktari alikuwa kijana mpole. "Shikamoo, mzee. Nikusaidie nini?" Nikaitazama meza yake. Kisha kupitia mlangoni nikasikia mtu anaanzisha wimbo wa kwaya, polepole, kwa kuguna tu, kama anayeimbia nafsi yake.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Leo sikupita kusalimia. Nimekuja na jicho."

Walilishughulikia vizuri jicho langu, na siku ya kufunguliwa bendeji Jirani alikuwa ameomba ruhusa kazini, amekuja. Tuliposhuka garini kwenye barabara kubwa akavua viatu, akavitia kwenye mfuko wake, akatangulia kwenye njia ya migomba. Nikaona udongo mwekundu kwenye visigino vyake. Nikaona mbuni mmoja mmoja, na matunda mekundu kwenye matawi, tunda kwa tunda, kama mtu anayesomewa upya ukurasa aliousahau.

Tulipofika kwetu alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Jirani analeta mzee!"

Mke wangu akauliza kutoka jikoni, "Jirani yupi huyo?"

"Mimi."

Nawe uliyenisoma hadi hapa, Mungu akupe mtu wa kukungoja kwenye benchi la nje, au akufanye wewe kuwa mtu huyo kwa mwingine. Kila meza itakayokutisha, Mungu mwenyewe atangulie kukaa upande wa pili, akuulize umeamkaje kabla hajakuuliza umekuja na nini. Amina.